Kabla Hamjauza DT ya Guka kwa Kilo

Wasee, nina maoni na najua maanko wengine hawatayapenda. Pikipiki ya guka iliyolala ocha haifi kwa kukosa spea. Inakufa kwa kukosa mtu anayeielewa. Na huyo mtu yupo, bado anapumua, labda yuko Karatina, Othaya au nyuma ya soko la Kerugoya, na bei yake si ile unayoiogopa. Shida ni kwamba tunamtafuta mahali hayupo, kwa sababu hakuna aliyetufunza historia ya pikipiki huku kwetu chini ya Mlima Kenya. Kwa hivyo leo ni somo la historia, lakini lenye grisi mikononi.

Yetu ni Yamaha DT 125. Guka aliinunua 1977, akaiendesha hadi magoti yakakataa, na tangu afariki 2011 imekuwa nyuma ya stoo ya mahindi, kuku wakitagia kwenye kiti. Desemba iliyopita anko alikuja na mtu wa vyuma vikuukuu. Jamaa hakuipima hata kwa mizani. Aliitazama tu akasema elfu tatu. Shosho hakubishana na mtu. Alitoka jikoni akasimama kati ya huyo jamaa na pikipiki, mikono imefungwa kifuani, hadi jamaa akaenda. Mimi ndio nikabaki na kazi ya kutafuta fundi, na mfuko wangu mnaujua.

Anza na huo mwaka, 1977. Si mwaka wa hivi hivi. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa Brazil, bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, na 1977 ikafika kilele. Wakulima wa Othaya, Tetu, Mathira na Kirinyaga wakalipwa pesa ambazo hawakuwahi kuziona. Ukiuliza wazee watakuambia hicho ndicho kipindi cha mabati mapya na karo iliyolipwa bila kuuza ng'ombe. Kwetu pia kilikuwa kipindi cha DT.

Sasa rudi nyuma kidogo ndio uone uzito wake. Mkoloni alimzuia Mkikuyu kupanda kahawa kwa miaka mingi. Mlango ulifunguka kwa kweli baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Na mwaka huo huo watu wa Nyeri walikuwa ndani ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Vijiji vilizungushiwa mitaro na waya, na kutoka kijiji kimoja hadi kingine kulihitaji ruhusa. Guka alikuwa kijana wa miaka 14. Siku hizo pikipiki ilikuwa ya polisi, ya mzungu wa shamba, ya padri, au ya afisa wa serikali. Ilikuwa chombo cha mtu asiyeulizwa anaenda wapi.

Miaka 23 baadaye, kijana yule yule ananunua yake kwa pesa ya kahawa yake. Anawasha, anaenda Nyeri mjini, anarudi jioni, hakuna aliyemwomba karatasi ya kutoka kijijini. Ukiniambia hiyo ni elfu tatu ya vyuma, tutakosana.

Lakini mapenzi hayafungui injini iliyoganda. Tuingie kwa swali lenyewe: nani alizitengeneza hizi pikipiki?

Ufundi wa magari na pikipiki katika miji yetu ulipitia njia tatu. Ya kwanza ni gereji za Wahindi. Mwafrika aliajiriwa kuosha vipuri na kushika spana, akawa anaangalia, na baada ya miaka kadhaa akatoka na kazi kichwani. Mtafiti Kenneth King aliandika juu ya mafundi kama hao katika kitabu chake cha 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika. Njia ya pili ni gereji za misheni na za serikali. Afisa wa kilimo au wa mifugo aliyepanda vilima vya Mukurweini alihitaji chombo kinachopita matope, na kila chombo kilihitaji mtu wa kukifungua. Njia ya tatu ni shule za ufundi. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa nchini lilitoa ripoti likiuliza vijana wataenda wapi baada ya darasa la mwisho, na kutoka hapo zikaanza politekniki za vijijini. Mwaka 1972 watu wa Nyeri wakaanzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi.

Mwaka huo huo wa 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ndiyo iliyofanya maneno "sekta isiyo rasmi" yasikike ulimwenguni kote. Sisi tuna jina letu, jua kali. Kwa miaka mingi askari wa baraza la mji walikuwa wakiwafukuza hawa watu kama kero. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaamuru wajengewe vibanda, na vibanda vya jua kali vikaenea miji mingine. Halafu miaka ya 1990 serikali, chini ya masharti ya wakopeshaji, ikaanza kupunguza wafanyakazi wake. Mafundi wengi wa gereji za serikali walirudi nyumbani na kisanduku cha spana.

Mmeona hiyo ramani? Fundi wa DT ya guka si yule wa stendi ya boda. Ni mzee aliyetoka gereji ya serikali, ya misheni au ya Mhindi, akaishia kibandani.

Sasa mbona kijana wa stendi hawezi? Si kwamba hana akili. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na nchi ikabadilika. Kufikia 2010 pikipiki zaidi ya 100,000 zilikuwa zinasajiliwa kwa mwaka mmoja. Boda boda, ambayo ilianza na baiskeli mpakani Busia miaka ya 1960, ikapanda mlima. Fundi aliyeanza kazi baada ya hapo amekulia kwa Bajaj na TVS za India, na zile za China ambazo injini zake nyingi zimeigwa kutoka Honda CG125 ya 1976. Zote hizo ni za mipigo minne. Oili inakaa chini kwenye injini, mwisho wa hadithi.

DT ya guka ni ya mipigo miwili, ile tunaita tu-stroki. Oili ya gia iko mahali pake, na kuna tangi lingine dogo la oili ya 2T ambayo inavutwa na pampu, inaingia kwenye injini pamoja na petroli na kuungua nayo. Fundi asiyelijua hilo tangi ataiwasha, itanguruma vizuri, mtashangilia, na baada ya safari fupi pistoni itashika kwenye silinda. Jirani yetu alipoteza Suzuki ya babake hivyo hivyo, kwa fundi ambaye ni hodari kabisa wa Boxer.

Na kabla mtu hajaniambia eti hizi za zamani ndizo halisi na za boda ni nakala, tulia. Yamaha yenyewe ilianza kwa kuiga. Kule Ujerumani kampuni ya DKW ilitengeneza pikipiki ndogo iitwayo RT 125 kabla tu ya Vita vya Pili kupamba moto. Ujerumani iliposhindwa, michoro yake ikawa mali ya washindi. Waingereza wakatoa BSA Bantam 1948, Wasovieti wakatoa yao, Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake. Japani nayo, iliyokuwa upande wa walioshindwa, ikaiga pia: pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya 1955, ni mtoto wa hiyo DKW. Kwa hivyo fundi wa Karatina anayechonga kipuri kwa kuangalia kile kilichovunjika hafanyi uhuni. Anafanya kile ambacho viwanda vikubwa vilifanya, tofauti ni kwamba yeye hana jengo la ghorofa.

Haya, utafutaji wenyewe. Fundi wa kwanza, kijana wa stendi mjini Nyeri, alikuwa mkweli: "Hii mimi siijui, nitakuharibia." Heshima kwake. Wa pili alikuwa na duka safi lenye vigae. Akaniambia tutoe injini yote tuweke ya Kichina, tupige rangi, elfu themanini na tano. Nikahesabu kimoyomoyo: nitabaki na tangi la guka juu ya pikipiki ya mtu mwingine. Nikamshukuru nikaenda.

Ndipo nikamuuliza shosho swali ambalo mngefaa kuuliza kwanza: ikiharibika, guka alikuwa anaipeleka wapi? Jina la fundi hakulikumbuka. Alikumbuka kwamba ni yule aliyekuwa anaitwa mashine ya kukoboa kahawa ikikwama kwenye fakitori. Nikaenda fakitori. Mzee huyo alishakufa, lakini mlinzi alijua mwanawe ana mashine ya leth Karatina, anachonga shafti na bushi. Nikaenda Karatina siku ya soko, nikapotea kati ya viazi na mitumba, nikampata. Yeye akaangalia picha kwa simu akasema, "Silinda nitakuchongea. Lakini wa kuifungua ni mzee fulani, kibanda cha tatu." Simtaji kwa sababu hataki simu za watu. Alikuwa fundi wa pikipiki za maafisa wa serikali hadi ule upunguzaji wa miaka ya 1990.

Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu Yamaha. "Wewe ni wa nani?" Nikamweleza, nyumba, kijiji, mlima gani. Hakuwa anamjua guka. Tulipoileta kwa pikapu, akainama, akapitisha kidole kwenye sehemu ya kukanyagia iliyowahi kuvunjika na kuunganishwa. "Hii ilichomwa kwa gesi, si kwa umeme," akasema. "Aliyefanya hivi alikuwa na subira." Nilikuwa nimeiona hiyo alama tangu utoto nikidhani ni kutu.

Nikamuuliza bei. "Mwanangu, mkono wangu si ghali. Ghali ni kununua kitu mara mbili."

Kwa wale mnaotaka kufanya hivi bila kukopa kwa simu, haya ndiyo niliyojifunza kibandani.

Mpime fundi kwa maswali, si kwa ukubwa wa duka. Muulize oili ya 2T inaingilia wapi. Akikuonyesha kifuniko cha oili ya gia, sema asante mzee, nitarudi, na usirudi. Muulize taa ni volti ngapi. Nyingi za miaka ya 1970 ni volti 6, na ukiziwekea betri ya boda ya volti 12, balbu zitaungua siku ya kwanza. Muulize kwa nini tu-stroki iliyokaa miaka kumi huwaka halafu ikazima ikipata moto. Anayejua atakuambia sili za krenki zimekauka, injini inavuta hewa isiyotakiwa, na mchanganyiko unakuwa mkavu.

Usipige kiki kwa hasira. Injini iliyolala muda mrefu inaweza kuwa imeganda. Fundi wetu alitoa plagi, akamimina oili na dizeli kidogo kwenye tundu, akatuambia turudi baada ya wiki. Siku tuliyorudi aliizungusha polepole kwa mkono. Anko angeikanyaga siku ya kwanza, ringi zingevunjika na bei ingepanda hapo hapo.

Si kila spea lazima itoke Japani. Beringi zina namba ubavuni, na namba hizo ni za dunia nzima. Beringi ya 6204 ni 6204, iwe ndani ya Yamaha, pampu ya maji au mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Safisha, soma namba, nenda duka la beringi badala ya duka la pikipiki. Tairi, cheni, balbu na spoki unaweza kupata za kufaa kwenye maduka ya boda. Kebo hutengenezwa hapo hapo kwa waya mpya. Pesa ya kweli inaenda kwa pistoni na ringi, na hapo usibanie. Fundi anapima silinda kwanza, anakuambia ununue pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25 au 0.50, halafu mtu wa leth anapanua silinda iendane na pistoni uliyonunua. Ukinunua pistoni kabla ya kupima, umenunua pambo la meza.

Nunua spea mwenyewe na umlipe fundi kazi yake kwa hatua. Sisi tuligawanya mara nne: kufungua na kupima, injini, breki na magurudumu, umeme. Hatua ikiisha nalipa, nikikosa pesa tunasimama na hakuna anayemdai mwenzake. Hadi sasa kazi imekula elfu kumi na nne, na spea elfu ishirini na tatu, kwa miezi mitano. Injini inaguruma. Rangi bado, na rangi ni ya mwisho kabisa. Pikipiki inayong'aa bila breki ni jeneza lililopambwa.

Halafu karatasi. Hapa ndipo familia nyingi hukwama na kununiana. Kama hati ya umiliki, ile logibuku, ina jina la marehemu, huwezi tu kuibadilisha kwa sababu wewe ndiye uliyelipa fundi. Ni sehemu ya mirathi, na uhamisho unahitaji barua za usimamizi wa mali kutoka mahakamani. Kaeni chini kama familia mkubaliane inakuwa ya nani kabla hujatumia shilingi. Sisi tulikubaliana inabaki ya shosho hadi aseme vingine, na hata anko alitia sahihi.

Sasa maoni yangu, maana ndicho kilichoniketisha kuandika.

Angalieni kilichotokea kwa zile shule za ufundi. Taasisi ya Kimathi leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Chuo cha teknolojia cha Murang'a kimekuwa chuo kikuu. Taasisi ya ufundi ya Kirinyaga, chuo kikuu. Kule Meru pia, chuo kikuu. Sichukii digrii, marafiki zangu wanazisoma humo, na Nyeri bado ina politekniki ya kitaifa. Lakini mzunguke mlima mzima muone jinsi tulivyopandisha mabango ya getini kuliko tulivyopandisha hadhi ya mtu wa spana. Mzee wa kibanda cha tatu ana miaka sabini na kitu na hana mwanafunzi hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema vijana huja, wanataka boda kwa sababu boda inalipa leo jioni. Sikuwa na jibu, maana wana kodi ya nyumba kama mimi.

Kuna njia. Kenya sasa ina mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu alishaupata kazini, fundi akapewa cheti bila kurudishwa darasani. Basi wazee kama huyu watafutwe hadi kibandani, wasingojewe wajaze fomu kwa mtandao. Na wanafunzi wa uhandisi wanaohangaika kutafuta mahali pa mafunzo ya kazi, chuo kikishirikiana na vibanda vya Karatina, Nanyuki na Kerugoya, wakae wiki nane na mzee mmoja, waandike anachokijua kuhusu kabureta, sili na chuma. Yeye alipwe kama mwalimu. Gharama yake haifiki bei ya jengo jipya.

Hadi hapo, kazi iko kwetu. Wikendi hii ukienda ocha, kabla ya selfi, toa gunia juu ya hiyo pikipiki. Futa vumbi usome namba ya injini, piga picha pande zote, na umuulize guka au shosho ilikuwa inatengenezewa wapi. Rekodi jibu kwa simu, hata kama jina hawalikumbuki, hata kama watakuambia tu kwamba ni yule wa mashine ya kahawa. Halafu mfuate huyo mtu mwaka huu. Pistoni inaweza kuagizwa mwaka ujao, yeye hawezi.